Baiskeli ya kuegemea inavuta upande? Usiguse tairodi

Kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia wiki hii. Ametengeneza baiskeli ya kuegemea, ile unayoiendesha ukiwa umejilaza kitini, magurudumu mawili mbele na moja nyuma, kila gurudumu la mbele na breki yake. Akibana breki ya kushoto peke yake, usukani unamponyoka kwenda kushoto. Fundi wake kamwambia akaze tairodi, yaani ile fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele yageuke pamoja. Mdogo wangu, tairodi iache kwanza.

Ujumbe wake ulinifurahisha, sifichi. Baiskeli yangu ya aina hiyo sasa inashuka mteremko wa Pugu nikiwa nimeugusa usukani kwa vidole tu, na wale waliokuwa wakiiita kitanda cha matairi, enzi naichomelea mtaani Gerezani, Dar es Salaam, leo wanaomba kuiendesha. Mmoja wao alikataa hata kunikatia bomba, akasema yeye hachomelei michezo ya watoto. Sijamsahau.

Ugonjwa wa huyu kijana nina hakika uko kwenye kingipini, yaani ule mhimili ambao gurudumu hugeukia. Chukua fito iliyonyooka, ilaze sambamba na kingipini, ishushe mpaka sakafuni. Inatakiwa iguse pale pale tairi linapokanyaga. Ikigusa ndani zaidi, breki ya upande mmoja inapata nguvu ya kuuzungusha usukani, na kila jiwe la barabarani linakufikia viganjani. Gurudumu la inchi 20 lina sentimita kama 25 kutoka ekseli hadi chini. Kingipini ikiwa sentimita 5 ndani ya mstari wa katikati ya tairi, kichwa chake kilale kwa ndani nyuzi 11. Habu, yaani vitovu vya magurudumu, nilizopata mimi zilikuwa pana, nafasi ikawa sentimita 9, nikalazimika kulaza nyuzi 20. Walicheka sana kuona mabomba yamepinda vile. Wacheke. Leo nabana breki moja kwenye mchanga na baiskeli inakwenda moja kwa moja.

Kingipini hiyo hiyo iegemee na nyuma kidogo, nyuzi 10 hadi 14, ili magurudumu yajirudishe yenyewe katikati baada ya kona. Yangu ni 12. Ukizidisha, mikono itachoka.

Sasa kona. Gurudumu la ndani linapita duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima ligeuke zaidi. Kwa baiskeli yenye mita 1 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na sentimita 66 kati ya kingipini mbili, la ndani likigeuka nyuzi 30 la nje ligeuke 23 hivi. Huhitaji kompyuta. Funga uzi kutoka kila kingipini hadi katikati ya ekseli ya nyuma, kisha toboa tundu la tairodi kwenye mkono unaogeuza gurudumu, pale pale uzi huo unapopita. Mpango wa magurudumu kupishana hivi aliubuni Georg Lankensperger wa München, kwa ajili ya magari ya farasi. Wakala wake Rudolph Ackermann akauandikishia hataza London mwaka 1818, na mpaka leo dunia nzima inamtaja Ackermann. Mimi siwezi kushangaa. Kuna mtu mjini hapa ana picha ya baiskeli yangu kwenye kadi yake ya biashara.

Tairodi inakuja mwisho kabisa. Mkalishe mtu kitini, kwa sababu uzito unaipinda fremu na vipimo vinahama. Pima kati ya rimu na rimu, kwenye kimo cha ekseli, mbele na nyuma ya magurudumu hayo. Mbele pawe pungufu kwa milimita 1 au 2, basi. Gurudumu moja likipinda nyuzi 1 tu kutoka kwa mwenzake, kila kilomita tairi linaburuzwa kando kama mita 17. Halafu mtu analalamika kuwa tairi za siku hizi hazidumu!

Vijana, acheni kuchomelea kwa jicho. Pimeni, shikizeni kwa moto kidogo, pimeni tena, ndipo mchomelee kote, upande huu na upande ule kwa kupokezana, maana joto huvuta bomba. Na wewe wa Morogoro, kata kingipini zote mbili, hata ile unayoona ni nzima, kisha niambie fito iligusa sentimita ngapi ndani kutoka pale tairi linapokanyaga.