Maswali ya Wasomaji: Kifaransa cha Mwanzo kwa Wanafunzi Wenye Mahitaji Maalumu

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari ya kutwa hapa Nairobi. Muhula huu nimepewa darasa la wanaoanza, na humo yumo msichana anayevaa mashine ya kusikilizia, mvulana asiyeona anayesoma kwa breli, na wengine kadhaa wanaozungumza vizuri lakini wakipewa ukurasa wa kusoma wanakwama. Mmoja wao amepimwa na kukutwa na disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika. Mkuu wa idara ananishauri niwape kazi ya kupaka rangi bendera na kunakili maneno ubaoni wakati wenzao wanaendelea na somo. Sijaridhika, ila sijui nianzie wapi. — Mwalimu, Buruburu

JIBU: Mwalimu, una haki ya kutoridhika. Kupaka rangi bendera si Kifaransa, na kunakili kutoka ubaoni ndiko kunakomchosha zaidi mwenye disleksia huku akiambulia kidogo mno. Nionavyo mimi, wanafunzi hawa hawahitaji kutengewa Kifaransa chepesi cha pembeni. Wanachohitaji ni mwalimu anayejua kila mmoja wao anakwama wapi hasa katika lugha hii, kwa sababu kinachomzuia asiyesikia vizuri sicho kinachomzuia asiyeona.

Chukua kwanza wale wanaokwama katika kusoma. Walianza na Kiswahili, ambacho huandikwa kama kinavyotamkwa, kisha wakakutana na Kiingereza kilichowayumbisha, na sasa wanapewa Kifaransa ambacho parle, parles na parlent, maumbo ya kitenzi cha kuzungumza, husikika sawasawa ingawa huandikwa kwa namna tatu. Kwa hiyo katika majuma ya mwanzo neno lisikike na litamkwe mara nyingi kabla halijaonekana limeandikwa. Maneno matano au sita kwa kipindi yanatosha, mradi yaulizwe tena kipindi kinachofuata na tena baada ya juma moja. Maandishi yanapoingia, chapisha herufi zisizotamkwa kwa wino hafifu ili jicho lijue cha kuruka, na badala ya imla ya aya nzima toa aya iliyokwisha kuchapwa yenye mapengo machache ya kujazwa. Muhtasari wa somo wape ukiwa umechapishwa. Muda walioutumia kunakili utumike kuzungumza.

Jinsia ya nomino, yaani kugawanywa kwa nomino za Kifaransa kuwa za kiume (le) na za kike (la), huwatisha walimu kuliko inavyowatisha wanafunzi. Mtoto aliyekua akisema kiti kizuri na viti vizuri anajua tayari kwamba nomino huamuru maneno yanayoifuata, na mwenye ngeli nyingi kichwani hawezi kushindwa na makundi mawili. Mwambie hivyo waziwazi. Rangi mbili, moja ya le na nyingine ya la, husaidia, lakini yapange maneno hayo pia katika pande mbili za ukurasa, kwa kuwa wako wasiotofautisha rangi.

Tarakimu ndizo zitakazokuvunja moyo. Kufika 97 kwa njia ya Paris ni kusema nne-ishirini-kumi-saba, na kwa mwanafunzi anayetatizwa na hesabu hilo ni somo la Kifaransa na la kuzidisha kwa wakati mmoja. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanasema septante kwa 70 na nonante kwa 90, kama Wabelgiji, na hapa Nairobi, palipo na Wakongomani wengi, si vigumu kuwasikia. Mimi ningemruhusu mwanafunzi kama huyo atumie hizo anapozungumza, huku nikimzoeza polepole kutambua soixante-dix (70) na quatre-vingt-dix (90) kwa sikio, kwa maana mtihani utamletea hizo.

Msichana mwenye mashine ya kusikilizia bila shaka anasoma midomo yako pia, na Kifaransa kina mitego yake hapo. Maneno pain, bain na main, yaani mkate, bafu na mkono, hayatofautiani hata kidogo kwenye midomo. Hali kadhalika maneno ya Kifaransa tu (wewe) na tout (yote): midomo hubinuka vilevile, tofauti iko ndani, kwenye ulimi. Kumwambia atazame vizuri zaidi ni kumwonea. Weka kadi ya neno karibu na uso wako unapolitamka, kubalianeni ishara ndogo ya mkono kwa kila sauti inayofichika, na usitamke neno jipya pweke bali ndani ya sentensi itakayompa fununu. Usizungumze ukiwa umeelekea ubaoni wala ukisimama mbele ya dirisha, kwa maana mwanga wa nyuma yako hufanya uso uwe kivuli. Kanda za kusikiliza zisome wewe mwenyewe, ana kwa ana. Mashine yake hukuza kelele za darasa pamoja na sauti ya kipaza sauti. Iwapo mna wanafunzi wanaotumia Lugha ya Ishara ya Kenya, usidhani kwamba lugha ya ishara ya Ufaransa ni ileile, kwa kuwa hizo ni lugha mbili tofauti.

Kuhusu mvulana wa breli, kuna jambo ambalo walimu wengi wa Kifaransa hawaambiwi. Herufi é katika breli ya Kifaransa ni nukta zote sita, na alama hiyohiyo katika breli ya Kiingereza ni kifupisho cha neno for. Vilevile ç ni alama ya and, na è ni alama ya the. Mwanafunzi aliyezoea vifupisho vya Kiingereza akikutana na école (shule) atasoma kitu kisichokuwepo, nawe utadhani hajasoma nyumbani. Tafuta jedwali la breli ya Kifaransa, mweleze kwamba katika somo hili vifupisho vya Kiingereza havitumiki, na umwonye mapema yeyote atakayeandika karatasi zako kwa breli. Vitabu vya wanaoanza hutegemea picha karibu kila ukurasa, kwa hiyo mletee vitu vyenyewe: ufunguo, kikombe, mkate. Mwambie pia kwamba Louis Braille alizaliwa Coupvray, Ufaransa, mwaka 1809, na akabuni maandishi hayo akiwa bado kijana katika shule ya vipofu mjini Paris. Darasa zima lijue hilo.

Mitihani isikusubirishe. Mipango maalumu ya Baraza la Mitihani, kama vile karatasi za breli, maandishi makubwa na muda wa ziada, huombwa na shule mapema na si wiki ya mtihani, kwa hiyo hakikisha taarifa ya tathmini ya kila mwanafunzi ipo. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE) iliyoko Kasarani hufanya tathmini hizo. Kwa anayetaka cheti cha kiwango cha mwanzo tu, DELF A1, mtihani wa Kifaransa wa kimataifa, nayo hukubali maombi ya mipango kama hiyo, na Alliance Française hapa mjini watakueleza utaratibu.

SWALI: Mwanangu ana usonji na amechagua Kifaransa. Jamaa wanasema tayari ana Kiswahili, Kiingereza na Sheng, kwa hiyo lugha nyingine itamvuruga. Nimwondoe? — Mama, Kayole

JIBU: Mama, usimwondoe kwa sababu hiyo. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wenye usonji wanaokua na lugha zaidi ya moja haujaonyesha kwamba lugha ya ziada huwadhuru. Kifaransa cha mwanzo, chenye salamu, tarehe na hali ya hewa kila asubuhi kwa mpangilio uleule, huwafaa baadhi yao kuliko masomo mengi. Kinachoweza kumchosha ni maigizo ya ghafla mbele ya darasa. Mwombe mwalimu ampe mazungumzo siku moja kabla, amwachie sehemu ileile kwa majuma mawili, na amwekee kanuni ya wazi ya lini amwite mtu kwa tu (wewe, kwa rafiki) na lini kwa vous (kwa heshima), badala ya kumwambia atahisi mwenyewe. Mwisho wa muhula kaeni na mwalimu huyo mtazame kama mzigo ni Kifaransa au ni idadi ya masomo yote kwa jumla. Mara nyingi ni hilo la pili, na hapo huenda somo la kupunguzwa likawa jingine.