p-ANCA chanya, MPO hasi: maabara zote mbili zinaweza kuwa sahihi

Mkuu uliyeandika kutoka Kongwa, pole sana kwa kuuguza. ANCA ni kingamwili zinazoshambulia chembe nyeupe za mwili wenyewe, na huonekana kwenye ugonjwa wa kuvimba mishipa midogo ya damu; MPO na PR3 ni protini mbili za chembe hizo ambazo ANCA hulenga. Umeuliza maabara ipi imekosea: ya kwanza imeandika p-ANCA chanya, ya pili MPO na PR3 zote hasi, na mama bado anakohoa damu na pua inatoa magamba, wakati GeneXpert haikuona kifua kikuu. Nafanya kazi maabara hapa Dodoma, slaidi za ANCA ni kazi yangu, na kwa maoni yangu huenda hakuna iliyokosea. Wamepima vitu viwili tofauti.

Kipimo cha kwanza ni cha darubini. Tunachukua chembe nyeupe aina ya neutrofili, zimekaushwa kwenye kioo kwa ethanoli, tunaziwekea serum (maji ya damu) ya mgonjwa, tunaosha, halafu tunaweka rangi inayong'aa kijani kwenye chumba cha giza. Kama kingamwili ipo, chembe inawaka. Ikiwaka punjepunje kwenye saitoplazimu, yaani sehemu inayozunguka kiini cha chembe, ni c-ANCA, na mara nyingi inalenga PR3. Ikiwaka kuzunguka kiini ni p-ANCA, na hapo ndipo penye utata, maana MPO kwa asili haikai kwenye kiini. Ethanoli ndiyo inayoihamisha: MPO ina chaji chanya, kiini kina chaji hasi, vinavutana. Ndiyo sababu nikiona p natafuta slaidi ya pili iliyoandaliwa kwa formalini. Kama ni MPO kweli, mng'ao unarudi kwenye saitoplazimu. Zile kingamwili za ANA, wanazokuwa nazo wagonjwa wa lupasi, nazo zinawaka palepale kwenye kiini, na hata msomaji mzoefu anaweza kuziita p-ANCA.

Kipimo cha pili, ELISA, hakina habari na umbo la mng'ao. Kisahani kimepakwa PR3 au MPO iliyosafishwa, mashine inasoma namba, basi. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1999 yalitaka tuanze na darubini kisha tuthibitishe kwa ELISA. Ya mwaka 2017 yakasema vipimo bora vya PR3 na MPO vinaweza kutangulia. Naunga mkono kabisa. Daktari anahitaji jina la kinacholengwa, na p peke yake haimpi jina.

Kwa hiyo p-ANCA isiyo na MPO inaupa ugonjwa wa mishipa ya damu uzito mdogo. Inaonekana pia kwa wenye vidonda vya utumbo mpana, na maambukizi ya muda mrefu yanaweza kuileta, kifua kikuu kikiwemo. GeneXpert moja hasi haitoshi kwa mtu anayekohoa damu. Ombeni makohozi yarudiwe. Hili nalisisitiza kwa sababu prednisoloni ya dozi kubwa, dawa ya kushusha kinga inayotumika kwa ugonjwa huu wa mishipa, ni hatari kwa mwenye TB isiyotibiwa.

Lakini msiseme "hana" ugonjwa wa mishipa kwa sababu ya hasi mbili za MPO na PR3. Takriban mgonjwa 1 kati ya 10 wa magonjwa haya hana ANCA kabisa, na kwa aina inayoambatana na pumu wenye ANCA hawafiki nusu. Dawa za kushusha kinga zikianza kabla ya sampuli, kiwango kinaweza kushuka. Halafu usilinganishe 1:40 ya darubini (yaani serum iliyochanganywa mara 40) na vizio vya ELISA, wala ELISA ya kampuni moja na ya nyingine. Kama atafuatiliwa, apimwe maabara ileile.

Kuna kipimo rahisi ambacho sijakiona kwenye maelezo yako: mkojo. Ugonjwa huu unakula figo kimyakimya. Damu na protini kwenye mkojo, pamoja na kreatinini, vinapatikana karibu kila mahali na vinaeleza uharaka kuliko ANCA yenyewe. Vikiwa vibaya, mpeleke hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, wataamua kama achukuliwe kinyama cha figo kwa uchunguzi.

Tuwekee hapa tarehe za sampuli zote mbili na majina ya dawa anazotumia, hasa kama kuna haidralazini ya presha au propilthaiourasili ya tezi, kwani hizo zenyewe zinaweza kuzalisha ANCA.