Jibu: ufa juu ya machimbo ya kokoto Kunduchi, upimwe vipi?
Kaka, kwa ufa huo wa ukingoni huhitaji rada ya kupima mwendo wa ukuta wa machimbo ili kuanza. Piga nondo mbili za milimita 12, moja kila upande wa ufa, zizame nusu mita na zishikwe kwa zege. Tia alama ya msumeno kichwani, kisha pima kati ya alama kwa tepu ya chuma kila asubuhi, saa ileile. Jua la mchana huirefusha tepu: kwenye mita 10, joto likipanda nyuzi 10 huongezeka milimita 1.2, nawe utadhani ukuta umetembea. Kosa la kawaida ni nondo zote kukaa upande unaosogea, kwa kuwa nyuma kuna ufa mwingine uliofichwa na majani. Fyeka kwanza.

Usihangaike sana na upana, angalia mwendo. Milimita 2 kila siku, mwendo usiobadilika, si sawa na 1, 2, 4, 8, mwendo unaozidi kila siku. Gawa 1 kwa mwendo wa siku, chora grafu; mstari ukishuka kuelekea sifuri, toa watu na mashine kabla haujafika. Kwenye mgodi wa shaba wa Bingham Canyon, Marekani, Aprili 2013, vipimo viliwaonya mapema, wakaondoka, na maporomoko makubwa hayakuua mtu.

Wakati wa masika pima asubuhi na jioni, na chimba mtaro wa kukinga maji upande wa juu. Maji yakijaa ndani ya ufa husukuma ukuta. Na asiingie mtu chini ya ukingo huo kupakia lori, hata "dakika mbili tu".