Chagua Vifaa vya Tangi Dogo la Maji Chumvi kwa Kuuliza Vitakavyoharibika

Mwezi huu jozi yangu ya samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wale ambao wataalamu huwaita Amphiprion ocellaris, imetaga kwa mara ya kwanza kwenye ubavu wa jiwe ndani ya tangi la lita 60. Dume habanduki pale: huyapepea mayai kwa mapezi yake, huyaondoa kwa mdomo yaliyoharibika, na mkono wangu ukiingia majini huja mbio kuuma vidole. Nilipoitoa habari hiyo, wasomaji walioniandikia walikuwa na swali moja: natumia vifaa gani? Mmoja wao aliniambatanishia orodha ndefu aliyoandikiwa na muuzaji, yenye taa kali ya matumbawe, kichujio cha povu (kile kinachotoa uchafu majini kwa viputo vya hewa), chombo cha kukuzia mwani na hita ya wati 300, akaomba nimwambie aanze na kipi.

Nimeona nijibu kwa kirefu, kwa sababu swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, na jibu nililopewa linaniuma hadi leo. Mfugaji mmoja niliyekuwa nikimheshimu sana aliniambia mbele ya watu kwamba tangi lililo chini ya lita 200 ni kaburi la samaki, na kwamba mtu mwenye mfuko kama wangu ajiridhishe na samaki wa maji baridi. Nilinyamaza, nikaondoka, na kwa muda mrefu sikumweleza mtu yeyote ninachokusudia kufanya. Alichokisema kina ukweli mmoja ndani yake, nao ni kwamba maji machache hubadilika haraka kuliko maji mengi. Lakini ukweli huo haukatazi tangi dogo; unakuelekeza tu namna ya kulipangia vifaa. Tangu siku ile, kila kifaa ninachofikiria kununua hukiuliza kwanza kikiharibika usiku wa manane, mimi nikiwa nimelala, kitafanya nini.

Chukua hita. Hita huharibika kwa namna mbili: ama inakataa kuwaka, ama themostati yake, yaani swichi inayoizima joto likitosha, inaganda na hita haizimi tena. Ya kwanza hukupa muda, kwa kuwa maji hupoa polepole. Ya pili ndiyo inayoua. Ile hita ya wati 300 ikigandia ndani ya lita 60, hupandisha joto kwa digrii moja ya Selsiasi katika muda usiozidi robo saa, hivyo maji yaliyokuwa kwenye digrii 25 yanaweza kupita 30 kabla hujamaliza usingizi wa kwanza. Hita ya wati 50 ingehitaji zaidi ya saa nzima kwa kila digrii, na wakati huo chumba nacho kinaendelea kuyapoza maji. Ndiyo maana mimi ninatumia hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, zote zikipitia kwenye kidhibiti cha nje chenye kipimajoto chake, ambacho hukata umeme joto likizidi. Moja ikifa, ya pili huzuia maji yasipoe ghafla. Moja ikigandia, haina nguvu ya kuwapika samaki. Iwapo chumba chako kina joto mwaka mzima, huenda hita usiihitaji kabisa, na badala yake ukahitaji feni ndogo inayopuliza juu ya maji, ambayo hushusha joto kwa digrii chache kwa kuyafanya maji yavukize.

Uvukizaji huo una gharama yake, na hapa ndipo matangi madogo mengi hupotea. Maji yanapovukiza, chumvi hubaki. Tangi la lita 60 lenye chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, likipoteza lita moja kwa siku bila kuongezwa kitu, litakuwa limekaribia gramu 40 baada ya wiki moja. Samaki anaweza kuvumilia hali hiyo kwa shida. Matumbawe na kamba wengi hawawezi. Kwa hiyo kifaa ninachokiweka mbele ya taa na mbele ya urembo wote ni kile cha kujaza maji chenyewe: kihisi kinachotazama usawa wa maji, pampu ndogo, na dumu la maji safi yasiyo na chumvi. Sasa uliza swali letu. Kihisi kikikwama, pampu italimimina dumu lote ndani ya tangi. Dumu likiwa la lita 5, chumvi itashuka kutoka 35 hadi takriban 32, jambo linalorekebishika. Likiwa la lita 20, itashuka hadi karibu 26, na sakafu yako italowa vilevile. Dumu dogo unalolijaza mara kwa mara ni usumbufu, lakini ni usumbufu unaookoa uhai. Tangi nalo lisijazwe hadi ukingoni. Liachiwe nafasi ya kupokea hizo lita 5.

Maji yenyewe yasitoke bombani moja kwa moja. Maji ya bomba huweza kubeba klorini, fosfati na shaba, na shaba hata ikiwa kidogo sana huua kamba, konokono na matumbawe. Ninatumia kichujio cha osmosisi, kinachosukuma maji kupitia utando mwembamba, chenye hatua ya mwisho ya resini, punje zinazonasa chembe zilizosalia, na kipimo chake cha vitu vilivyoyeyuka kinaposoma zaidi ya 0 mimi hubadilisha resini bila kujadiliana na nafsi yangu. Chumvi nayo uipime kwa refraktomita, kifaa kinachosoma chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, ukikirekebisha kwa kimiminiko maalumu cha kiwango cha gramu 35. Vile vipimo vya plastiki vyenye mkono unaoelea, viputo vikiushika mkono husoma juu kuliko hali halisi, nawe unapunguza chumvi ambayo haikuzidi.

Kuhusu uchujaji, ndugu msomaji, usiogopeshwe na mashine. Kazi kubwa hufanywa na bakteria wanaoishi kwenye mawe yenye vitundu, ambao hugeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Majuma ya kuwasubiri waongezeke sitayaeleza, kwa kuwa hayana jambo la kusimulia zaidi ya kupima na kungoja. Nisemalo ni kwamba tangi la lita 60 lenye samaki wawili linaweza kuishi bila kichujio cha povu ikiwa kila wiki unabadilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji. Ndoo mbili safi zisizotumika kwa sabuni na pampu ya kukorogea chumvi zitakufaa kuliko chombo cha kukuzia mwani kilichopo kwenye orodha yako.

Umeme unaelezwa kwa nadra, na mimi sitaacha kuuhubiri. Kila waya unaotoka kwenye tangi lazima uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linaloteremka na waya lidondoke sakafuni lisifike kwenye umeme. Soketi ilindwe na swichi inayokata umeme unapovuja. Umeme ukikatika, mzunguko wa maji husimama na oksijeni hupungua, kwa hiyo weka pampu ya hewa ya betri inayowaka yenyewe. Meza pia usiifanyie mzaha: lita 60 za maji chumvi zina zaidi ya kilo 61, na ukiongeza mawe, mchanga na kioo, uzito unaweza kupita kilo 80.

Taa iwe ya mwisho kununuliwa, kwa sababu inategemea utafuga nini. Samaki peke yao hawadai taa ya pekee. Matumbawe laini hutosheka na mwanga wa wastani, na yale magumu yenye mifupa ya chokaa yanataka mwanga mkali wenye buluu nyingi pamoja na upimaji wa kalsiamu na alkali, kazi ambayo anayeanza ni afadhali asiikimbilie. Kabla ya kuilipia, chukua rula upime nafasi iliyo juu ya tangi, kwa kuwa taa, feni na wavu wa kuzuia samaki kuruka vyote vitagombea eneo hilo hilo, na mfuniko wa kioo ambao wauzaji hupenda kuupendekeza badala ya wavu hufungia joto ndani na kuifanya feni isiwe na kazi.