Mtaa wa Kijani, Choo Kimefungwa

Wiki iliyopita niligusia mtaa mmoja wa wenye nazo hapa Mtwara Mjini, ule wa mageti na mivinje upande wa bahari. Kamati yake imetangaza kwamba utakuwa mtaa wa mfano kwa mazingira: sola kila paa, mapipa ya kutenganisha taka, mikoko mipya pwani. Nikasema choo cha umma cha hapohapo ufukweni kina kufuli. Tangu siku hiyo simu haipoi. Leo najibu baadhi yenu.

Mbona unachanganya mambo? Choo ni kazi ya halmashauri, sisi tunashughulikia mazingira. (Mkazi wa mtaa huo)

Ndugu yangu, choo ni mazingira. Jumapili jioni ufuko wenu unajaa watu: wanaopunga upepo, wauza mihogo ya kuchoma, watoto wa kutoka Chikongola na Magomeni, wavuvi wanaosubiri maji. Wote hao wanaingia wapi wakibanwa? Nenda kaangalie nyuma ya ukuta wa mwisho, pale mikoko inapoanzia. Utakuta chupa za maji, maganda ya machungwa, na kile ambacho gazeti halikitaji asubuhi watu wakinywa chai. Ndipo hapo mlipopanda miche yenu.

Mlango wenyewe umeliwa na chumvi kwa chini, ukiinama unaona sinki zima kabisa, halijapasuka. Niliambiwa chemba imejaa na hakuna aliyepangiwa kulipia gari la kunyonya maji taka. Basi shida ni ya mlipaji. Kamati iliyochangisha fedha za sola inashindwaje kukaa na halmashauri wakaandikiana? Kijana mmoja akae mlangoni akusanye mia mbili mbili, chemba inyonywe kabla ya kufurika, na mapato yabandikwe ukutani kila mwezi. Vyoo vya stendi vinaendeshwa hivyo na maisha yanaenda.

Tumenunua mapipa ya rangi tatu kila nyumba. Na hilo kosa? (Mama wa watoto wanne)

Si kosa, mama. Ila siku gari la taka likipita, simama getini utazame. Vijana wanamimina mapipa yote matatu kwenye rundo moja, safari ya dampo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, kwa hiyo mna haki ya kuuliza kwa nini mnachotenganisha kinachanganywa tena mbele ya macho yenu. Wakati mkisubiri jibu, pipa la chupa wapeni waokota chupa, tena mchana, kwa salamu, badala ya kuwafungulia mbwa. Mabaki ya jikoni yawe mboji. Mchanga wetu huu una njaa.

Shikamoo mwandishi. Sisi tunaochokoa pweza wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, tumewekewa geti kwenye njia ya pwani, eti kulinda mikoko. Ni halali? (Binti wa Ufukoni)

Marahaba, binti. Nenda kwa afisa mipango miji uombe kuona mchoro wa eneo hilo. Kama njia imo kwenye mchoro, ni ya umma, na geti halina pa kusimama hata likipakwa rangi ya kijani. Usiende peke yako. Nendeni kina mama kadhaa na mwenyekiti wa mtaa wenu. Sheria ileile ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazohatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kwa hiyo wanaposema wanalinda mikoko, waulizeni kwa upole ukuta wao umeanzia mita ya ngapi.

Una wivu tu. (Hakutaja jina)

Ninao, hasa wa lile tangi lenu la maji.

Miche ya mikoko tuliyopanda huku Lindi imekufa karibu yote. Tulikosea wapi? (Mwalimu)

Bila shaka mlipanda pale palipopendeza kwenye picha, yaani kwenye mchanga mweupe unaopigwa na mawimbi. Mkoko wenyewe unataka tope, mahali maji yanapojaa na kupwa, na wimbi limeshachoka. Anayeweza kusimama mbele kabisa, akaikabili bahari, ni mlilana, aina mojawapo ya mikoko. Mkandaa, aina nyingine, hukaa nyuma. Tazameni kwanza mti gani umejiotea karibu na hapo, ndio mpande. Na mbuzi wafungwe, maana jani la mchu, nao mkoko, kwao ni pilau.

Taa za sola za barabarani zimezimika, na jua la Mtwara unalijua. Kulikoni? (Dereva bodaboda)

Jua halina hatia. Kinachokufa kwanza ni betri, na zile za madini ya risasi hazidumu sana kwenye joto na hewa ya chumvi. Anayefunga taa bila kutenga fedha ya betri ya pili amefunga nguzo. Betri kuukuu zisitupwe mtaroni, risasi ni sumu. Mitaro nayo izibuliwe kabla ya Desemba. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilikatika Somanga kule Kilwa na tukakaa kama tuko kisiwani. Mvua haiangalii nyumba ipi ina sola.

Uwanja wa watoto umegeuzwa kitalu cha miche ya kamati. Bembea zimeng'olewa. Tufanyeje? (Mzazi)

Kubadili matumizi ya eneo la wazi kunahitaji kibali cha mamlaka ya mipango, si kikao cha watu saba barazani. Ombeni kibali hicho kisomwe kwenye mkutano wa mtaa, na muhtasari uandikwe. Kikikosekana, bembea zirudi. Kitalu hakitaki nafasi kubwa, kihamie nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati. Bustani yake nimeiona nikipita, inatosha.