Usitafute bahasha, angalia nani anajibiwa meseji

Nilikaa miaka kadhaa kwenye meza ya nje ya ofisi ya mkurugenzi wa kampuni moja kubwa, kazi yangu kalenda, barua na simu, na watu wakishajua hilo swali lao ni moja tu, uliona bahasha? Sijaona hata moja. Nilichoona ni kalenda.

Tukiwa na shida na wizara naandika barua, inapigwa mhuri, inaenda, tunakaa wiki tatu, wiki tano, kimya. Siku moja bosi kachoka, akachukua simu yake mwenyewe akamwandikia mheshimiwa fulani "kaka upo?", mimi nimesimama pale na faili mkononi, na chai yake haijapoa jibu likaingia. Akaniambia niweke Alhamisi saa mbili usiku. Niandike jina gani? Andika "binafsi". Basi, kuanzia hapo zile "binafsi" zikaongezeka mpaka mke wake na watoto hawakuwa na nafasi nyingi hivyo kwenye kalenda.

Sasa mkiona picha ya mwanasiasa na bosi wa kampuni wanacheka harusini msikimbilie kuandika "wezi hao", watu wamesoma wote, wameoleana, na ukituhumu bila kitu mkononi unawapa pa kutokea, watasema una wivu. Uliza tarehe. Walikutana lini, uamuzi ukatoka lini, na yule mwingine aliyeomba kitu hicho hicho alisikilizwa na nani? Tarehe ndo zinauma.

Na mkiambiwa hakuna sheria iliyovunjwa msishangae, mara nyingi ni kweli na hapo ndo penye uozo. Muangalieni David Cameron wa Uingereza, katoka uwaziri mkuu 2016, 2018 kawa mshauri wa kampuni ya fedha ya Greensill Capital, 2020 korona imepamba moto akawa anawatumia mawaziri na wakubwa wa Hazina meseji juu ya meseji ili kampuni iingizwe kwenye mpango wa mikopo ya dharura. Wakamkatalia, na 2021 kampuni ikafa. Msajili wa washawishi wa kule, yaani wanaolipwa kusemea wengine serikalini, akasema hana kosa, maana sheria ya 2014 inawabana washawishi wa kukodiwa tu na yeye alikuwa mwajiriwa. Sheria yenyewe ilipitishwa na serikali ya nani? Yake!

Kwa hiyo mkidai viongozi waandikishe vikao, daini na meseji za simu. 2025 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema Kamisheni, chombo cha utendaji cha umoja huo, haikutoa maelezo ya kuaminika kuhusu zilipo meseji za rais wake Ursula von der Leyen na bosi wa Pfizer, Albert Bourla, za kipindi cha kununua chanjo za korona. Labda hazikuwa na baya lolote, ila zisipoonekana kila mtu anajiandikia zake kichwani, utamlaumu?

Na wewe uliyekaa kwenye meza kama yangu, ukiambiwa andika "binafsi" uliza tena, hata kwa upole. Mimi sikuuliza. Jumatatu baada ya ile Alhamisi majibu ya barua yetu yakaja, ombi limekubaliwa "kwa kuzingatia taratibu zote", nikayatoboa matundu mawili nikayaweka kwenye faili.