Kozi nimemaliza, sasa chama cha nini tena?

SWALI: Shikamoo anti, mimi niko Voi, nimemaliza diploma ya utalii mwaka jana, nimezungusha sivii loji za huku Tsavo mpaka soli imeisha, kila nikifika naulizwa "una bronzi?", yaani ile beji ya chama cha waongoza watalii. Sasa hiki chama si ni kutupa hela tu jamani?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na jua la huko. Hiyo bronzi ni ya KPSGA, chama cha waongoza watalii wa Kenya, wana ngazi tatu: bronzi, silva na goldi, na kila moja ina mtihani wake. Meneja wa kempu hajui chuo chako walikufundisha nini, ila akiona ile beji anajua umeulizwa ndege, wanyama, miti na historia ukajibu, ndo maana anaanza nayo. Wenye goldi ni wachache mno, na silva pia huikurupukii, inataka uwe umekaa kazini kwanza, so we anza na bronzi.

Halafu kitu ambacho watu hawasemi, ukiwa unajiandaa na mtihani unakutana na madereva wa zamani, wale wanaojua ndege kwa sauti tu, na nafasi nyingi za kazi husikika kwao kabla hazijatangazwa popote. Tafuta wenzako wawili watatu hapo Voi mnunue kitabu kimoja cha ndege mgawane. Beji bila kujua mlio wa kwarara lakini, utaaibika mbele ya wageni, usiseme sikukwambia.